Dirisha moja linakula makuta ngapi? Hesabu ya nyumba yetu



Kwenye mikutano yetu ya siku hizi swali moja limerudi mara tatu: kubadilisha dirisha la nyumba kunakula makuta ngapi? Mmoja wetu alijibu dolari 30. Mwingine akasema zaidi ya 100. Wa tatu akaapa kwamba kwa shemeji yake walilipa karibu 200 kwa dirisha moja tu. Watu walicheka, lakini wote watatu walisema kweli. Hawakuwa wanaongelea dirisha la aina moja, wala ugonjwa mmoja wa dirisha.

Mimi ni mwalimu, nilisoma ISP hapa Bukavu, na kazi yangu ya kila siku ni kuweka hesabu ubaoni hata anayekaa nyuma aione. Kwa hiyo nimeombwa niandike. Nyumba yetu iko Kadutu, mlimani, ya matofali na manjanja, na ina madirisha saba. Tumeyatengeneza yote kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, moja baada ya lingine. Nitawaambia bei tulizolipa. Nitawaambia pia tulivyochagua kuanza na lipi, maana hapo ndipo palipokuwa na mvutano nyumbani, kuliko hata kwenye makuta.

Dirisha lililozibwa

Katika nyumba nyingi za kwetu, kioo kikipasuka hatununui kingine. Tunaweka kartoni, mfuko wa sima, kipande cha ubao, na miaka inapita. Bukavu iko juu, karibu mita 1 500, na mvua inatushika tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano. Baridi ya usiku tunaijua. Mama anayeziba dirisha ana sababu: mtoto mchanga hawezi kulala kwenye upepo.

Lakini kartoni haizuii baridi vizuri, na inaleta mambo mengine. Inaleta giza, na mtoto anafanya kazi za shule kwenye mwanga wa simu. Inaleta unyevu: pumzi ya watu wanne au watano waliolala inashika ukutani, ukuta unaota ukungu mweusi, na nguo za kwenye pembe zinanuka. Na inafungia moshi ndani.

La moshi nataka tulikalie kidogo. Mbabula ya makala hata ikiwa haina moshi wa kuonekana inatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Mtu anasikia kichwa kuuma, anasikia kutapika, anachoka, analala, na anaweza asiamke. Hatari inakuwa kubwa pale mbabula inapoingizwa chumbani ili kuleta joto usiku wa mvua, na madirisha yamezibwa yote. Mama, tafadhali: mbabula haiingii chumba cha kulala, hata dakika chache, hata makala yakionekana yamekwisha kuwa majivu.

Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS, linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, makala na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237 000 walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Hizo si hesabu za vita wala za ajali za barabara. Ni za jikoni na za vyumba vyetu.

Kwetu, chumba cha wavulana kilikuwa na dirisha la vioo vinne. Viwili vilikuwa vimekwisha kwenda. Mtoto wangu wa tatu, mwenye miaka sita, alikuwa akikohoa kila masika. Msimu mmoja wa mvua tulikwenda naye kituo cha afya mara nne. Mara ya nne mama muuguzi hakuniuliza kwanza dawa gani amekwisha kunywa. Aliniuliza: “Analala wapi, na hewa inaingilia wapi?” Nilimweleza. Akaandika dawa, kisha akasema: “Mwalimu, dawa nyingine iko ukutani.”

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Kabla ya kwenda kwa fundi, simama mbele ya dirisha lako na uliangalie kama unavyokagua daftari la mwanafunzi. Kuna sehemu tatu zinazoweza kuwa mbovu: kioo, kadre (mbao au chuma kinachozunguka kioo), na ukuta wenyewe.

Kama kadre ni nzima na kioo peke yake kimepasuka, huhitaji dirisha jipya. Unahitaji kioo, masitiki na mtu anayejua kukata. Kwa kadre ya mbao chukua kisu, choma polepole upande wa chini, maana maji yanakaa huko. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao zimeoza na kioo kipya hakitakaa. Kikigota, kadre bado ina miaka mbele yake. Kwa chuma, kwaruza kutu. Ukikuta chuma kigumu chini yake, kisafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Ukikuta matundu, chuma kimekwisha.

Ugonjwa wa tatu ndio wa kuogopa. Ukiona ufa unaanzia pembe ya dirisha na kupanda ukutani kwa mshazari, au dirisha lililokuwa likifungwa vizuri sasa linakataa kufungwa, usikimbilie kununua kioo. Huenda lento ya juu ya dirisha ni dhaifu, au nyumba inasogea. Wenye umri wangu tunakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, asubuhi ya siku ya Mungu, na nyufa zilizobaki katika nyumba nyingi za mji huu. Na kuna pembe za Bukavu ambako ardhi haikai mahali pake. Kule Funu, wanasayansi wamepima udongo wakakuta unateleza polepole mwaka hadi mwaka. Nyumba iliyo kwenye udongo wa namna hiyo itavunja kioo kipya kama ilivyovunja cha zamani. Hapo usiweke makuta mengi kwenye dirisha: weka mbao nyepesi, vioo vidogo vidogo, na ongea kwanza na mtu anayejua ujenzi.

Sisi tulikagua madirisha yote saba. Mawili yalihitaji vioo tu: la chumba chetu na lile dogo la pembeni ya salon. Matano yalikuwa ya kubadilishwa.

Kupima

Kanuni ya kawaida ya chumba cha kukaliwa ni kwamba dirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina mita 9 za mraba. Kinahitaji dirisha la mita 0,9 ya mraba au zaidi. Dirisha la mita 1,20 kwa mita 1 linatoa 1,2. Linatosha. Lile la sentimita 50 kwa 50 tunaloweka ili tuokoe makuta linatoa 0,25 tu: ni tundu, bado si dirisha.

Ukipima kwa ajili ya kioo, pima upana mahali patatu: juu, katikati na chini. Fanya vilevile kwa urefu. Shika kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa milimita 3. Kioo kinapaswa kuwa na nafasi kidogo ndani ya kadre. Kikibanwa, kitapasuka chenyewe jua likipiga au mbao zikivimba kwa mvua. Andika vipimo vyako mwenyewe kabla fundi hajafika, kisha mlinganishe.

Bei tulizoambiwa na tulizolipa

Nachukua dirisha la mita 1,20 kwa mita 1, yaani mita 1,2 ya mraba, na kioo cha milimita 4. Hizi ni bei tulizopata sisi, kwa mafundi wa kwetu. Kwako zinaweza kupanda au kushuka, lakini mpango wa hesabu ni uleule.

Kioo peke yake, kadre ikiwa nzima: kioo dolari 18, masitiki 3, kazi ya fundi 5. Jumla 26.

Dirisha jipya la mbao: kadre na milango yake 45, kioo 18, bawaba na makomeo 6, kulisimika pamoja na sima na mchanga 12, rangi 5. Jumla 86.

Dirisha la chuma lenye antivoli ndani yake: chuma na kazi ya kuchomelea 80, kioo 18, masitiki 3, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu 7, kulisimika 15, kulibeba 3. Jumla 126.

Dirisha la aluminium la kuteleza: fundi alihesabu dolari 110 kwa mita ya mraba, kioo kikiwemo, ikawa 132, antivoli ya pembeni 40, kulisimika 15, kulibeba 3. Jumla 190.

Sasa mnaona juu ya nini wale wenzetu watatu walibishana bila mtu kudanganya. Dirisha la 26 na dirisha la 190 yanaweza kuwa ukubwa uleule, kwenye avenyu moja.

Devi ya kwanza tuliyopewa, ya madirisha yote saba kwa aluminium, ilikuwa dolari 1 300. Baba watoto aliikunja akaitia mfukoni, na kwa wiki mbili hakuna aliyeitaja. Naamini ndivyo nyumba nyingi zinavyobaki na kartoni: tunauliza bei ya vyote kwa pamoja, bei inatushinda, tunanyamaza.

Mwishoni tulilipa hivi. Madirisha mawili ya vioo tu, dolari 52. Matatu ya chuma (chumba cha wavulana, cha wasichana na cha mama mkwe), 378. La jikoni, dogo, la mbao na wavu bila kioo, 35. Lile kubwa la salon linaloangalia barabara, la chuma, 175. Jumla 640. Ni chini ya nusu ya devi ile, na hakuna chumba kilichobaki na kartoni.

Vitu visivyotajwa kwenye devi

Hapa muwe macho. Muulize fundi, kimoja kimoja, na aandike: bei hii ina kioo ndani? Ina masitiki? Rangi? Sima na mchanga? Kubomoa la zamani na kupiga upya plasta ukutani? Kubeba? Kadutu magari hayafiki kila mahali. Mita ya mraba moja ya kioo cha milimita 4 ina uzito wa kilo 10, na mtu wa kuipandisha kwenye ngazi za udongo anataka malipo yake. Kioo kibebwe kikiwa kimesimama, kisilazwe. Kikilazwa, shimo moja la njiani linatosha kukivunja. Mkubaliane mapema: kikivunjika njiani ni cha nani? Kwetu tuliandika kwamba mpaka kioo kiwe kimekaa ukutani, ni cha fundi.

Kuna wavu wa mbu. Dirisha jipya lisilo na wavu linamfanya mama alifunge jioni juu ya mbu, na hapo hewa tuliyoilipia haiingii. Kwa dirisha letu wavu na vibao vyake vilitoka dolari 5, na tuliugonga sisi wenyewe. Wavu haufuti chandarua cha kitandani. Vyote viwili vinafanya kazi pamoja.

Na kuna antivoli. Wezi wapo, sitamwambia mtu aache kuweka vyuma. Lakini tunajua pia moto. Nyamugo imeungua zaidi ya mara moja, na nyumba zetu zimebanana. Vyuma vilivyochomelewa vyote bila tundu la kutokea vinaweza kumzuia mwizi leo na kesho kumzuia mtoto wako asitoke. Mwombe fundi afanye upande mmoja wa antivoli ufunguke kutoka ndani, na ufunguo utundikwe pahali ambapo watoto wanapajua na mkono wa mwizi haupafikii. Kwetu fundi aliongeza dolari 10 kwa kila dirisha, na ziko ndani ya zile 80.

Tuanze na lipi?

Makuta ya kwanza yalipopatikana, yalitosha dirisha moja. Baba watoto alitaka lile kubwa la salon. Sababu yake haikuwa ya upuuzi. Dada yake mdogo alikuwa amechumbiwa, na watu wa mahari walikuwa wanakuja mwezi wa nane. Salon yetu inaangalia barabara, na nusu ya dirisha lake ilikuwa ubao. Aliniambia: “Mama watoto, mtu anaonekana mlangoni pake. Unataka wakwe wakae chini ya ubao wa sanduku?”

Mimi nilitaka chumba cha wavulana. Tulizungumza jioni tatu. Jioni ya tatu nilichukua karatasi nikachora jedwali kama la shuleni: chumba, watu wangapi wanakaa humo, saa ngapi kwa siku. Salon: watu wanne au watano, saa tatu, jioni. Chumba cha wavulana: watoto watatu, saa tisa au kumi, kila usiku, na mlango umefungwa. Nilizidisha. Sikusema neno lingine. Baba watoto aliangalia hesabu akasema: “Hesabu haijui aibu.” Na ni kweli, haijui.

Aliyekata shauri ni mama mkwe. Alikuwa amekaa kimya akichambua maharagwe. Akasema: “Wageni wanakuja na wanarudi kwao. Watoto wanabaki.” Basi.

Sitawaficha kwamba uamuzi huo nao ulikuwa na gharama yake. Watu wa mahari walifika, na dirisha la salon lilikuwa bado na ubao wake. Nilikuwa nimefua rido nikazitundika vizuri, lakini upepo ulizipeperusha na kila mtu aliona. Baba mmoja mwenye umri alihamisha kiti chake kwa sababu ya baridi. Bwana yangu hakuniongelesha mpaka usiku. Mahari ilizungumzwa, harusi ilifanyika, na leo yule dada yuko na mtoto. Lakini siku ile ilimuuma, nami niliona. Wamama, tukichagua watoto mbele ya heshima ya baraza, tujue tunamwomba mwenzetu abebe kitu. Ni vizuri kumshukuru kwa sauti. Nilimshukuru, na dirisha la salon lilipofika zamu yake nilimwachia achague yeye rangi. Alichagua kijani.

Na yule mtoto wa tatu? Sitasema kwamba kikohozi kimekwisha. Bado anakohoa mara mojamoja. Lakini msimu wa mvua uliofuata tulikwenda kituo cha afya mara moja badala ya nne, na ukungu mweusi wa pembeni ya kitanda haujarudi tangu tulipousugua. Kwangu mimi zile dolari 126 zimekwisha kurudi.

Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa huu: kwanza wanakolala watoto, pili jikoni, tatu wanakolala wazee, nne chumba chetu, mwisho salon. La jikoni lilikuwa rahisi kuliko yote, dolari 35, na ndilo lililobadilisha macho yangu. Nilikuwa nimezoea kupika nikilia.

Makuta yalitoka wapi

Hatukukopa. Nilikuwa kwenye likelemba ya walimu kumi, kila mmoja dolari 15 kwa mwezi, na zamu yangu ilifika mara mbili katika muda huo: 300. Kwenye AVEC yetu, mwisho wa mwaka tulipogawana akiba, nilipata 150. Zilizobaki 190 alizitoa baba watoto kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki, kidogo kidogo. Jumla ni zile 640.

Likelemba inafaa sana kwa madirisha kwa sababu zamu moja inakaribia bei ya dirisha moja. Makuta yakiingia leo, kesho uwe umekwisha kulipa kioo na chuma, vinginevyo yatakwenda kwenye mazishi, kwenye ada, kwenye ugonjwa wa jirani. Mimi nilikuwa napeleka vipimo kwa fundi wiki moja kabla ya zamu yangu. Fundi hakulipwa yote kwa mara moja: nusu ya kununulia vifaa, robo siku dirisha linaposimikwa, robo baada ya mvua ya kwanza. Mafundi wawili walikataa mpango huo. Wa tatu alikubali, na ndiye aliyefanya yote.

Kuna mama mmoja aliyeniuliza kama mke anaweza kuandikiana mkataba na fundi bila ruhusa ya bwana. Zamani Kitabu cha Sheria ya Familia cha mwaka 1987 kilimtaka mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya mume kwa mambo ya namna hiyo. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha jambo hilo: sasa sheria inawataka mume na mke wakubaliane, wote wawili, wala si mmoja kumwomba mwingine ruhusa. Kwa hiyo karatasi yetu na fundi ina saini mbili, ya baba watoto na yangu, na kila mmoja amekaa na nakala.

Siku ya kazi

Chagua kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Ukuta uliobomolewa haupendi mvua, na masitiki ya mafuta inahitaji wiki moja au mbili kukauka kabla ya kupakwa rangi. Fundi afanye dirisha moja alimalize. Asifungue matundu matatu kisha akupotee.

Angalia mambo manne. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla hakijaingia ukutani, hata upande utakaofichwa na sima, maana kutu inaanzia huko. Kizingiti cha chini kiwe na mteremko kuelekea nje, maji yasirudi ndani. Mwaga kikombe cha maji uone yanakwenda wapi. Dirisha lifunguke lote bila kugonga kitanda. Na kabla ya kulipa robo ya mwisho, ngoja mvua, kisha pitisha mkono ukutani kwa chini.

Vipande vya kioo cha zamani usivitupe kwenye mfereji wala kwenye takataka za avenyu. Watoto wa kartye wanapita pale miguu mitupu. Vifunge kwenye mfuko wa sima, andika juu yake “vioo”, uvizike shimo refu pasipolimwa. Kipande kikubwa kilicho kizima fundi anaweza kukikata kwa dirisha dogo. Ndivyo tulivyopata kioo cha kabati ya vyombo.

Kwa wanaopanga

Wengi wetu ni wapangaji, na mtu anajiuliza kama ni akili kuweka dirisha kwenye nyumba ya mwingine. Usianze na ugomvi. Mpelekee mwenye nyumba vipimo na bei mbili, ya kioo tu na ya dirisha zima, umwombe achague: alipe yeye, au ulipe wewe na mkate kwenye kodi ya miezi inayokuja. Akikubali, iandikwe, iwe na tarehe na saini, kabla hujanunua hata masitiki. Akikataa vyote, bado unaweza kuweka kitu utakachohama nacho: kadre nyepesi ya mbao yenye plastiki safi inayopitisha mwanga na wavu pembeni, iliyofungwa kwa bawaba ili ifunguke mchana. Haifiki dolari 15. Si kioo, lakini inapitisha mwanga na inafunguka, na hayo mawili ndiyo mtoto anayoyahitaji.

Wamama, kwenye mkutano ujao nitakuja na mita na karatasi. Anayetaka alete vipimo vya dirisha moja tu, lile la chumba wanakolala watoto wake: upana, urefu, na ukubwa wa sakafu. Tutahesabu pamoja, na walio kwenye likelemba moja wanaweza kumwita fundi mmoja kwa siku moja. Ukimpa fundi madirisha matano, bei ya moja inashuka.

Mbaki salama, na usiku wa leo mbabula ilale nje.